Anza na Karatasi: Kuchagua Lenzi ya Kukuzia Negativi Kubwa

Maneno haya niliyasema mbele ya wapiga picha wa filamu na mafundi wa chumba cha giza. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, pamoja na swali moja lililoulizwa mwishoni.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana. Nawashukuru walioandaa mkutano huu kwa kuniita, na nawashukuru nyinyi mliokuja na negativi zenu mkononi, maana mazungumzo ya chumba cha giza bila negativi mezani hayafiki mbali.

Tangu niingie humu watu kadhaa wamenishika mkono na kuniuliza jambo lilelile: ninunue lenzi gani ya kukuzia, yaani ya ile mashine inayomulika negativi na kutoa picha kubwa kwenye karatasi? Wengine wana majina tayari. Componon, Rodagon, El-Nikkor. Wanataka nitaje moja waende wakaitafute. Majina hayo nitayagusa, lakini siwezi kuanza nayo. Kwa mtu mwenye negativi ya inchi 4 kwa 5, jina lililochongwa kwenye lenzi ndilo la mwisho kuliangalia. La kwanza ni karatasi. Unataka kutoa picha ya ukubwa gani?

Nipeni dakika chache tupige hesabu, maana hesabu hii ndiyo itakayowaokolea fedha.

Negativi ya 35 mm ina upana wa milimita 24. Ukitaka picha ya inchi 16 kwa 20, upande mfupi wa karatasi hiyo ni milimita 406. Gawanya, utaona unakuza mara 17. Sasa chukua negativi ya 4 kwa 5 na karatasi ileile. Unakuza mara 4 na ushee tu. Mtu mwenye macho mazuri akishika picha umbali wa kusomea kitabu, hutenganisha jozi kama 6 za mistari, mweusi na mweupe, ndani ya milimita moja. Zaidi ya hapo jicho linaona kijivu. Kwa hiyo lenzi ya mwenye 35 mm inatakiwa ichukue jozi 100 hivi kwa kila milimita ya negativi na kuzifikisha zote kwenye karatasi. Lenzi ya mwenye 4 kwa 5 inatakiwa ichukue 24. Hiyo ni robo ya kazi.

Nataka jambo hili liwakae vizuri. Mwenye negativi ndogo ana haki ya kuhangaika kutafuta lenzi bora kuliko zote, kwa sababu yeye anaitumikisha hadi ukingoni mwa uwezo wake. Wewe mwenye negativi kubwa umeshalipa gharama yako kwa njia nyingine: umebeba kamera nzito, umebeba mguu wa chuma, umenunua filamu ya shiti, ile ya kipande kimoja kwa picha moja, ambayo bei yake tunaijua. Faida ya taabu hiyo ni kwamba lenzi nyingi zilizotengenezwa kwa uangalifu zinakutosha kabisa mpaka karatasi ya inchi 20 kwa 24, ambako unakuza mara 5. Ni pale unapotaka picha ya inchi 32 kwa 40, yaani mara 8, ndipo tofauti kati ya lenzi nzuri na lenzi nzuri zaidi inaanza kuonekana kwenye kona.

Tuje kwenye urefu wa fokasi, ile namba ya milimita iliyochongwa kwenye lenzi. Hapa kanuni ni ya zamani na haijabadilika: lenzi ya kukuzia iwe na urefu wa fokasi unaokaribia ulalo wa negativi, yaani kona hadi kona ya mkabala. Shiti ya 4 kwa 5, ukiondoa ukingo unaoshikwa na holda, ina picha ya takriban milimita 95 kwa 120. Ulalo wake ni milimita 153. Ndiyo maana lenzi ya 150 mm imekuwa ya kawaida kwa negativi hii. Kwa 5 kwa 7 ni 210. Kwa 8 kwa 10 ni 300. Mtu akikuuzia lenzi ya 105 mm akakuambia inatosha kwa 4 kwa 5 kwa sababu mwanga unafika mpaka kona, mwambie kufika ni kitu kimoja na kufika na ukali wake ni kitu kingine.

Lakini kanuni hiyo ina nafasi ya kupumua, na hapo ndipo fundi anapochagua. Kwa 4 kwa 5 mnaweza kutumia 135, 150 au 180. Tofauti yake ni nini? Umbali kutoka lenzi hadi karatasi unapatikana kwa kuzidisha urefu wa fokasi na idadi ya mara unazokuza ukiongeza moja. Ukikuza mara 4 kwa lenzi ya 150, unazidisha 150 kwa 5: milimita 750. Kwa lenzi ya 180 ni milimita 900. Kwa 135 ni 675. Hizo zote zinaingia kwenye mashine ya kawaida. Sasa nendeni mara 8: lenzi ya 150 inataka mita 1.35 kutoka lenzi mpaka karatasi, na ya 135 inataka mita 1.2 na kidogo. Kwenye chumba kilichogeuzwa kutoka stoo au choo, na dari iko chini, sentimita 13 hizo zinaweza kuwa ndizo zinazoamua kama picha inatoka au haitoki. Nimeona mafundi wakigeuza kichwa cha mashine na kumulika sakafuni, mezani wakiwa wameweka mifuko ya mchanga nyuma ili nguzo isipinduke. Njia hiyo inafanya kazi, lakini mwenye 135 asingelazimika.

Upande wa pili wa hesabu ni kona. Lenzi fupi inaitazama negativi kwa pembe pana zaidi, na mwanga unaokwenda pembeni kwa mshazari hupungua. Ukikuza mara 4, lenzi ya 180 inapoteza theluthi ya stopu kwenye kona kabisa; stopu moja ni mwanga kupungua nusu. Ya 150 inapoteza karibu nusu stopu. Ya 135 inavuka nusu stopu kidogo. Ile ya 105 tuliyoikataa inapoteza zaidi ya robo tatu ya stopu, na kufunga kitundu cha lenzi kinachopitisha mwanga hakukusaidii, kwa sababu upungufu huo ni wa pembe yenyewe. Kuna lenzi zilizotengenezwa makusudi kwa pembe pana, kama Rodagon-WA ya 120 mm, na ukiipata kwa bei nzuri kwa ajili ya dari fupi ichukue. Ila usiifanye kuwa lenzi yako ya kila siku kama huna sababu.

Kuna jambo moja kuhusu kona ambalo watu wengi wanalipita. Lenzi ya kamera nayo ilipoteza mwanga kwenye kona siku ile ulipopiga picha. Kona za negativi zikawa hafifu, na sehemu hafifu ya negativi hutoa weusi kwenye karatasi. Lenzi ya kukuzia inapoteza mwanga kwenye kona zilezile, na karatasi iliyopata mwanga mchache huwa nyeupe zaidi. Makosa mawili yanavutana pande tofauti na kwa kiasi fulani yanafutana. Kwa hiyo usiogope nusu stopu. Chapisha kwanza, angalia kona zako, ndipo uamue kama zinahitaji kuongezewa mwanga kwa mkono. Zaidi ya yote, kama mashine yako ni ya kondensa, vile vioo vinene vinavyokusanya mwanga wa balbu juu ya negativi, hakikisha kondensa zimepangwa kwa urefu wa fokasi unaotumia. Doa la mwanga katikati na giza pembeni, mara nyingi lenzi inalaumiwa wakati kosa liko juu yake.

Chaguo langu mimi ni 150. Inakaa katikati ya yote haya, inapatikana kwa wingi kuliko nyingine, na mvukuto wa karibu kila mashine ya 4 kwa 5, ile sehemu inayokunjuka kati ya negativi na lenzi, unaifaa. Anayetoa picha ndogo tu, inchi 8 kwa 10 na 11 kwa 14, akapata 180 safi, atafurahi na usawa wa mwanga wake, ila aangalie kwanza kama mvukuto wake unafunguka vya kutosha. Kwa kukuza mara 2, lenzi ya 180 inataka milimita 270 kati yake na negativi. Baadhi ya mashine zinahitaji ubao wa lenzi wenye koni ili zifike huko.

Sasa majina. Lenzi za kukuzia zipo za vioo vitatu, vinne na sita. Za vioo vitatu, kama Componar ya Schneider na Rogonar ya Rodenstock, ziacheni. Za vioo vinne, za ukoo wa Tessar iliyobuniwa na Paul Rudolph mwaka 1902 kwa Zeiss, ni kama Comparon na Ysaron. Hizi si mbaya hata kidogo kwa kazi yetu: ukikuza mara 2 au 3 na kitundu kikiwa f/16 (namba ya f ikipanda, tundu linapungua), wachache sana wataitofautisha picha yake na ya lenzi ghali. Kijana ambaye amepewa Comparon safi na babu yake asiitupe. Za vioo sita ndizo Componon na Componon-S za Schneider, Rodagon za Rodenstock na El-Nikkor za Nikon, na Wajapani wa Fuji nao walikuwa na Fujinon EX. Kati ya hizo za vioo sita, kwa negativi ya 4 kwa 5 na karatasi ya 16 kwa 20, sitamwambia mtu aongeze hata shilingi moja ili aache hii achukue ile. Chukua iliyo safi zaidi. Zilizoandikwa Apo zinarekebisha rangi vizuri zaidi na kona zake ni kali tangu kitundu kikubwa. Kama unatoa picha za rangi kubwa za maonyesho, zina maana. Rodagon-G imepigiwa hesabu ya kukuza sana, picha za ukutani za mita nzima, kwa hiyo mtu wa picha ndogo asivutiwe na herufi hiyo ya ziada.

Angalieni pia nyuzi za skrubu zinazofungia lenzi kwenye ubao wake. Lenzi fupi nyingi zina nyuzi za milimita 39, lakini nyingi za 150 zina nyuzi za milimita 50. Ulizeni kabla ya kulipa, na ulizeni kama muuzaji anatoa na ringi ya kukazia. Ringi hiyo ikipotea, kuitafuta ni kazi ya siku nyingi, na fundi wa leithi atakutoza.

Ndugu zangu, nimesema majina kwa haraka makusudi, kwa sababu nataka muda ubaki kwa ajili ya kitu ambacho kinaharibu picha nyingi kuliko lenzi zote mbaya zikiwekwa pamoja. Nacho ni negativi isiyokaa bapa, na mashine isiyonyooka.

Turudi kwenye hesabu, safari hii fupi. Tuseme unakuza mara 4, kitundu ni f/11, na unakubali ukungu wa fokasi wa sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye karatasi. Karatasi yako inaweza kuinuka au kushuka milimita 5 na nusu kabla ukungu huo haujafika. Milimita 5 na nusu ni nyingi, hata karatasi iliyojikunja kidogo kwenye fremu inasamehewa. Lakini negativi, kwa kipimo kilekile, inaruhusiwa kusogea theluthi moja tu ya milimita. Hiyo ni pungufu mara 16. Kwa f/5.6 inaruhusiwa nusu ya hiyo tena. Sasa wekeni shiti ya 4 kwa 5 kwenye kishikio kisicho na kioo, washeni balbu ya kondensa, na kaeni dakika moja mkiiangalia kwa pembeni. Joto likiipata hutuna katikati kama chapati inayoiva. Theluthi ya milimita inapitwa pale pale, mbele ya macho yenu. Mtu amepima fokasi filamu ikiwa baridi, amezima taa, ameweka karatasi, amewasha tena, filamu imetuna, picha imetoka na katikati laini. Kesho yake anatangaza anauza lenzi yake.

Dawa ya kwanza ni kishikio chenye vioo viwili, kioo cha juu kikiwa kile chenye uso uliokwaruzwa kwa ulaini ili kuzuia duara za Newton, zile pete za rangi zinazotokea uso laini wa filamu ukigusana na kioo laini. Ndiyo, utakuwa na nyuso nne zaidi za kufuta vumbi. Nunua brashi nzuri na uvumilie. Kama una fedha ya lenzi ya Apo lakini huna kishikio cha vioo, nunua kishikio, ubaki na lenzi uliyonayo.

Dawa ya pili ni kitundu. Lenzi ya f/5.6 hufanya kazi yake vizuri zaidi ikifungwa stopu mbili au tatu, yaani f/11 na f/16. Vijana wamesoma kwamba kufunga kitundu mno kunalainisha picha, kwa sababu mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika. Ni kweli. Lakini pimeni kwa kazi yenu. Kwa mwenye 35 mm anayekuza mara 17, f/22 inamwachia jozi zisizofika 4 kwa milimita kwenye karatasi, chini ya uwezo wa jicho, kwa hiyo kwake ni marufuku. Kwa mwenye 4 kwa 5 anayekuza mara 4, f/22 hiyohiyo inamwachia jozi 13 hivi, mara mbili ya kile jicho linachohitaji. Kwa hiyo mwenye negativi kubwa yenye ukaidi, isiyotaka kulala, aifunge lenzi mpaka f/16 au hata f/22 bila hofu. Ushauri wa watu wa filamu ndogo usiwatishe.

Kuhusu mashine kunyooka: negativi, ubao wa lenzi na meza lazima viwe sambamba. Pima maji ya fundi wa useremala ni mwanzo mzuri, lakini kwa kazi ya mwisho tumieni vioo vya kujitazama. Chukua kipande cha kioo cha kujitazama, kilaze mezani uso ukiangalia juu. Chukua kipande cha pili, kwangua nyuma yake duara dogo la rangi ya fedha mpaka upate tundu la kuchungulia, kisha kibandike bapa kwenye uso wa mbele wa lenzi, kikiangalia chini. Toa kishikio na kondensa, chungulia kutoka juu kupitia kitunduni. Vioo viwili vikitazamana utaona mfululizo wa duara, moja ndani ya nyingine, zikienda mbali. Kama zinapinda upande mmoja, ubao wa lenzi haujanyooka na meza. Legeza skrubu, weka kipande cha karatasi au bati jembamba chini ya upande ulioshuka, chungulia tena, mpaka duara zote zishike katikati moja. Halafu fanya hivyohivyo kwa sehemu ya kishikio cha negativi. Kazi nzima ni ya alasiri moja na haina gharama zaidi ya vipande viwili vya kioo kutoka kwa muuza vioo wa mtaani kwenu.

Baada ya hapo ndipo unaweza kuihukumu lenzi kwa haki. Chukua shiti iliyochomwa na mwanga ikasafishwa ikawa nyeusi tii. Kwa ncha ya sindano, kwangua mistari myembamba katikati na kwenye kona zote nne. Iweke kwenye kishikio cha vioo, kuza mara 4, na kwa kikuzio cha kukagulia punje tazama katikati, kisha kona, kwenye f/5.6, f/8 na f/11. Hakikisha kikuzio chako kinaweza kufika kona, maana vingine vinaona katikati tu. Kona zote nne zikiwa laini sawasawa kwenye f/5.6 na zikakaza kwenye f/11, hiyo ni tabia ya kawaida ya lenzi nzima. Kona moja ikiwa laini peke yake, legeza ringi, zungusha lenzi nusu duara kwenye ubao wake, kaza, tazama tena. Ulaini ukihama pamoja na lenzi, vioo vya ndani vimetoka katikati, labda iliwahi kudondoka. Ulaini ukibaki kwenye kona ileile, rudi kwenye vioo vyako vya kuchungulia, lenzi haina hatia.

Nikija kwenye ununuzi: mwaka 2006 Nikon ilitangaza kuacha kutengeneza lenzi za kukuzia, na leo karibu kila lenzi tutakayoigusa imeshapita mikono mingine. Kwetu sisi wa pwani, Dar, Tanga, Unguja, Mombasa, adui ni unyevu. Mwombe muuzaji afungue kitundu mpaka mwisho, washa tochi nyuma ya lenzi, tazama kwa mshazari, kisha igeuze utazame upande wa pili. Nyuzinyuzi kama mizizi ni kuvu. Wingu jepesi linalofunika kioo kizima ni utando wa ndani. Mng'ao wa rangirangi unaoanzia ukingoni ni gundi ya vioo inayoachana. Mkwaruzo mmoja mdogo kwenye kioo cha mbele hauna madhara ya kuonekana, na ukiwepo utumie kushusha bei. Utando ndio mbaya. Negativi inapomulikwa, sehemu zake hafifu, ambazo kwenye picha ni weusi, zinapitisha mwanga mwingi sana. Lenzi yenye utando huumwaga mwanga huo kwenye sehemu nzito, ambazo kwenye picha zinatakiwa kubaki nyeupe. Umepiga picha ya mzee msikitini siku ya Idi, kanzu yake ilikuwa inang'aa, mikunjo yote inaonekana kwenye negativi, na kwenye karatasi kanzu imetoka ya kijivu kama haikufuliwa. Unabadilisha karatasi, unaongeza kontrasti, weusi unakufa, kanzu bado. Tazama lenzi kwa tochi.

Lenzi ikikaa kwenye mashine mwaka mzima, kioo chake cha juu kinapokea vumbi lote la kishikio bila mtu kukiona. Ivueni. Ihifadhini kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, na vifuko vya silika ndani yake, na vifuko hivyo vikaushwe mara kwa mara. Kasha la ngozi lililokuja na lenzi ni zuri kutazama, lakini ngozi hulea kuvu.

Bwana aliyekaa nyuma ameniuliza asubuhi kama lenzi ya kamera inaweza kukuzia. Inaweza, na kwa f/16 au f/22 utapata picha, ila lenzi hiyo imepigiwa hesabu ya vitu vya mbali, na hapa kitu kiko sentimita 20 kutoka kwake. Lenzi za watu wa uchapaji wa magazeti, Apo-Ronar na Apo-Artar, ni jambo tofauti. Hizo zilitengenezwa kwa kunakili kitu kwa ukubwa wake uleule, kwa hiyo kwa kukuza mara 2 au 3 zinapendeza sana, na kwa 8 kwa 10 nazipendekeza kwa moyo wote. Tatizo lake ni f/9: mwanga unaofika mezani wakati wa kupima fokasi ni chini ya nusu ya ule wa f/5.6. Chumba chako kiwe giza kwelikweli. Na mwenye 8 kwa 10 ajiandae kwa nafasi: lenzi ya 300 ikikuza mara 4 inataka mita 1.5 kutoka lenzi hadi karatasi. Ansel Adams kule California alitumia mashine ya kulala, inayomulika karatasi iliyosimama wima, na ukishapiga hesabu hiyo unaelewa kwa nini.

*

Mama mmoja aliuliza mwishoni: nyumbani wana mabamba ya kioo ya marehemu babu yao, si ya inchi 4 kwa 5 wala 5 kwa 7, na kila aliyemwonyesha amemwambia hayana lenzi.

Nilimjibu kwamba lenzi ipo. Vipimo vya Kiingereza vya mabamba vilienea sana, na Zanzibar, ambako kina A. C. Gomes na Coutinho walikuwa na studio zao, na ambako Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, ilikuwa chini ya Waingereza. Bamba la nusu ni inchi 4 na robo tatu kwa 6 na nusu. Ulalo wake ni milimita 204, kwa hiyo lenzi ni 210, na mashine iwe ya 5 kwa 7, kama Durst Laborator 138. Bamba la robo, inchi 3 na robo kwa 4 na robo, lina ulalo wa milimita 136, nalo linaingia kwenye mashine ya 4 kwa 5 kwa lenzi ya 135 bila shida. Kwa ubapa mna bahati, kioo hakituni kikipata joto, na f/11 itawatosha. Hofu ni utando wa picha juu ya kioo. Umri wake ni mkubwa na joto la kondensa linaweza kuubandua, kwa hiyo tafuteni kichwa cha mwanga baridi, yaani taa isiyochoma kama balbu ya kondensa, na kila bamba lichapishwe kwanza kwa kugusanisha na karatasi kabla ya kulipeleka kwenye mashine, ili nakala iwepo lolote litakalotokea. Shikeni kwa kingo, uso wa picha ukiangalia chini kuelekea lenzi. Bamba lenye ufa, au ambalo utando umeanza kuinuka pembeni, msiliweke kwenye mashine kabisa. Hilo lilazwe juu ya meza ya mwanga na lipigwe picha kwa kamera kutoka juu, na lenzi ya kukuzia ileile ya 135 au 150, ikifungwa kwenye mvukuto wa kamera ya shiti, inaifanya kazi hiyo vizuri.